Mtoro ni Nani?

Masomo: Matendo 13:13, Matendo 15:36–40, Yohana 21:1–17, 2 Timotheo 4:9–11

  

Leo twataka kuzungumza juu ya neno moja tu, nalo ni neno "mtoro". Mtoto asipofika shuleni huitwa mtoro. Askari akiacha kambi bila ruhusa huitwa mtoro. Na makanisani mwetu, ingawa hatulitamki kwa sauti, twaliweka moyoni kwa ajili ya yule ambaye zamani aliketi nasi kwenye benchi, na sasa haonekani tena. Ni neno fupi, lakini likiisha kuandikwa mbele ya jina la mtu, ni vigumu kulifuta. Basi tujiulize: mtoro ni nani hasa? Na ni nani mwenye haki ya kumwita hivyo?

Ili tujibu vema, twende kwanza katika historia ya nchi yetu wenyewe.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza mwezi Agosti 1914, Kenya yetu ilikuwa ikiitwa Himaya ya Afrika ya Mashariki ya Kiingereza, na ng'ambo ya Namanga ilikuwa nchi ya Wajerumani. Mpaka ulipita karibu na nyumba zetu. Reli ya kutoka Konza kwenda Magadi, iliyoanza kujengwa mwaka 1911, ilipitia Kajiado. Kwa hiyo mizigo ya jeshi ilishushwa hapo, ikaendelea kwa njia ya Bisil kuelekea Namanga na mlima Longido. Wengi wetu twasafiri katika njia hiyo hiyo leo kwa matatu, tusijue ni nani waliotutangulia.

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Novemba 1914, jeshi la Waingereza la watu kama 1,500, wengi wao wakiwa askari kutoka India, lilitoka Namanga kwenda kuwashambulia Wajerumani juu ya Longido. Maji yao yalibebwa na nyumbu. Kabla jua halijapanda sana, kundi dogo la adui liliwashambulia wale nyumbu, nao wakatimua mbio nyikani pamoja na maji yote. Askari walipigana siku nzima katika jua lile mnalolijua ninyi, na jioni ikawabidi kurudi Namanga, maana mtu hawezi kupigana bila maji. Waweza kusema kwamba watoro wa kwanza wa vita vile katika nchi ya Kajiado walikuwa nyumbu! Lakini tusicheke upesi. Jambo lile lilifunza somo ambalo wakubwa wa jeshi hawakulishika vema: jeshi husimama au huanguka kwa wale wanaobeba maji na chakula. Asiyewatunza wachukuzi wake amekwisha kushindwa.

Nyumbu, ng'ombe na farasi walikufa kwa wingi kwa ajili ya mbung'o. Magari yalikwama matopeni. Basi ikawa mzigo wa vita umewekwa juu ya vichwa vya watu. Ndipo kikaundwa kile kikosi cha wachukuzi ambacho kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, nao wazee wetu wakakiita Kariakoo. Jina hilo lingaliko hata leo: mtaa wa Kariokor mjini Nairobi, na Kariakoo mjini Dar es Salaam. Aliyeongoza idara ile alikuwa ofisa mmoja jina lake Oscar Watkins.

Hapo mwanzo baadhi ya watu walijiandikisha kwa hiari yao. Lakini mwaka 1915 ilitungwa sheria ya kuwachukua watu kwa nguvu, na mshahara wa mchukuzi ukateremshwa hata rupia tano kwa mwezi kwa miezi ya kwanza. Mwaka 1917 likaja lile chukuzo kubwa lililosimamiwa na John Ainsworth, ambapo watu zaidi ya laki moja walikusanywa katika muda wa miezi michache. Kila wilaya ilipewa hesabu yake, na kila chifu akapewa hesabu yake. Na hesabu ikiwa haijatimia, watu walikamatwa usiku vitandani mwao.

Fikiri, ndugu mpendwa. Mtu ametoka Ukambani au Kiambu, hajapata kuiona bahari, wala hajui Mjerumani amemkosea nini. Anafungwa kibati chenye namba. Anapewa mzigo wa ratili hamsini au sitini. Anapelekwa nchi ya mbali yenye joto na mvua nyingi, huko Rufiji na Lindi, mamia ya maili kutoka kwao. Chakula chake ni unga wa mahindi, na mara nyingi hapati sufuria ya kutosha wala nafasi ya kuupika ukaiva. Tumbo la mtu aliyezoea maharage, viazi, ndizi na maziwa halikuweza kuuvumilia unga mbichi siku baada ya siku. Kuhara damu, kichomi na malaria viliua wengi kuliko risasi. Wazee wetu walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wale waliokuwa wakihesabu mizigo mezani waliuona kuwa mwepesi. Yule aliyekuwa chini yake ndiye aliyejua uzito wake.

Basi watu walitoroka. Wengine walitoroka kabla ya kufika kambini, wengine njiani, wengine walipokwisha kuona wenzao wakifa. Na dawa iliyotumika kwa utoro ilikuwa ni kiboko.

Hapa tuangalie mbali kidogo, maana jambo hili halikuanza kwetu. Katika jeshi la majini la Marekani, lilipokuwa bado changa, nahodha aliweza kumpiga baharia viboko hata kumi na viwili kwa amri yake mwenyewe. Hata hivyo mabaharia waliendelea kutoroka kila meli ilipofika bandarini, wakikimbia chakula kibovu, mshahara uliochelewa na ukali wa wakubwa. Mwaka 1850 bunge la Marekani lilikomesha viboko katika meli zake. Jeshi la nchi kavu la Uingereza nalo likakomesha kuwapiga askari wake viboko mwaka 1881. Angalieni sasa: miaka zaidi ya thelathini baadaye, adhabu ile ambayo Waingereza waliona haifai kwa mgongo wa askari wao, waliiona yafaa kwa mgongo wa mchukuzi wa Kiafrika. Na kama vile mabaharia wa Marekani walivyotoroka huku wakipigwa, ndivyo wachukuzi nao walivyotoroka huku wakipigwa. Kiboko chaweza kumsukuma mtu hatua mia moja, lakini hakiwezi kumpa sababu ya kwenda hatua ya mia na moja.

Tena iko habari nyingine ya baharini inayotufaa. Tarehe 22 Juni 1807, meli ya vita ya Uingereza, Leopard, iliisimamisha meli ya Marekani, Chesapeake, karibu na pwani ya Virginia, ikaipiga kwa mizinga. Watu watatu walikufa, na Waingereza wakawachukua mabaharia wanne wakisema ni watoro wao. Mmoja alikuwa Mwingereza kweli, naye akanyongwa. Lakini watatu waliobaki walikuwa Wamarekani, ambao walisema kwamba hapo kwanza walitiwa kwa nguvu katika jeshi la Uingereza. Kwa Waingereza, watatu hao walikuwa watoro. Kwa ndugu zao, walikuwa watu waliojiokoa kutoka utumwani. Ilichukua miaka mitano hata wawili kati yao wakarudishwa kwenye meli yao, na yule wa tatu alikuwa amekwisha kufa. Basi twaona kwamba neno "mtoro" hutegemea pia ni nani aliyeshika kalamu na daftari.

Turudi kwetu. Mwaka 1917 kijana mmoja aliyesoma katika misheni ya Kiskoti huko Thogoto, aliyebatizwa mwaka 1914 kwa jina la Johnstone, aliondoka Kikuyu ili asichukuliwe Kariakoo. Alikwenda Narok kukaa na jamaa zake katika nchi ya Wamasai, na huko akafanya kazi ya ukarani kwa mfanya biashara mmoja wa Kihindi aliyeliuzia jeshi nyama. Kijana huyo ndiye Mzee Jomo Kenyatta, ambaye mwaka 1964 alikuwa Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Kenya. Kama karani wa wilaya angalimpata mwaka ule, hapana shaka angaliandika neno moja tu mbele ya jina lake. Wamasai waliomkaribisha hawakuuliza daftari lilisema nini. Walimwona mwana wa jamaa, wakampa mahali pa kulala.

Nao Wamasai wenyewe, ambao hawakuchukuliwa kwa wingi kuwa wachukuzi, walifikiwa mwaka 1918, serikali ilipotaka kuwaandikisha morani kwa nguvu. Mwezi Septemba mwaka huo, huko Ololulunga, askari walifyatua risasi na watu wakauawa. Wazee wa Kimasai wanaotusikia, habari hii ninyi mwaijua kuliko sisi.

Vita vilipokwisha, hesabu ya kusikitisha ilifanywa. Kumbukumbu za serikali zilitaja wachukuzi zaidi ya elfu arobaini waliokufa. Wanahistoria waliochunguza baadaye wanakadiria kwamba waliokufa upande wa Waingereza walikaribia laki moja. Mbona hesabu zatofautiana hivyo? Sababu moja ni hii: wengi waliandikwa kuwa wametoroka au wamepotea, na hakuna aliyekwenda kutafuta walikopotelea. Mtu aliyeanguka kando ya njia kwa kuhara damu, akafa chini ya mti peke yake, kesho yake hakujibu namba yake ilipoitwa. Karani akaandika: mtoro. Mama yake kule Machakos au Murang'a akangoja. Mshahara wake haukufika, maana mshahara wa mtoro haudaiwi. Hata mishahara ya wengi waliojulikana kuwa wamekufa haikulipwa, kwa kuwa jamaa zao hawakupatikana. Watkins alijaribu kuitetea haki ile baada ya vita, lakini wenye kushika fedha kule Uingereza hawakusikia.

Fikirini uchungu wa jambo hilo. Mtu amekufa akiwa chini ya mzigo, naye ameandikwa kuwa ameutupa mzigo. Amekuwa mwaminifu hata kufa, na jina lake limeachwa katika aibu.

Mwaka 1928 sanamu ya kumbukumbu iliwekwa Nairobi, katika barabara iitwayo sasa Kenyatta Avenue, na mmoja wa watu watatu wa shaba waliosimama pale ni mchukuzi. Ni vema. Lakini majina yao hayapo. Mwezi Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wao Waafrika, waliokufa kwa ajili ya vita vile, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa ulinzi wa Uingereza aliomba radhi bungeni. Zaidi ya miaka mia moja imepita! Lakini hata maungamo yaliyochelewa ni afadhali kuliko daftari la uongo.

Sasa, wapendwa, tusiishie kuwanyoshea wengine kidole. Kanisa lilikuwa wapi?

Liko jambo la kutia moyo. Askofu Frank Weston wa Zanzibar, wa kanisa letu la Anglikana, mwaka 1916 alipoona watu wanachukuliwa, alikusanya wachukuzi yeye mwenyewe, akapewa cheo cha meja, akatembea pamoja nao kwa miguu huko bara. Mwaka 1917 Dakta John Arthur wa misheni ya Kiskoti aliongoza kikosi cha wachukuzi kutoka misheni za Kiprotestanti huku kwetu, pamoja na wamishenari wenzake. Vijana wale walikuwa na viongozi waliojua majina yao na lugha yao, walioangalia chakula chao na magonjwa yao. Nao walikufa wachache kuliko katika vikosi vya kawaida. Mizigo ilikuwa ile ile, na njia ile ile. Kilichobadilika ni kwamba aliyetoa amri alikuwa akitembea pamoja nao.

Lakini liko pia jambo la kutuhuzunisha. Vijana wale wa misheni hawakuwa na uhuru mwingi. Kama wasingekwenda na Dakta Arthur, wangechukuliwa na wengine. Na mwaka 1919, gavana Northey alipotoa waraka wa kuwahimiza machifu na maofisa wapeleke watu kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, maaskofu wetu wa Mombasa na Uganda, pamoja na Dakta Arthur, waliandika maoni yao. Walikemea hatari zake, wakataka watu walindwe. Lakini hawakuikataa kabisa kazi ya kulazimishwa. Askofu Weston ndiye aliyesema waziwazi kwamba kumlazimisha mtu hivyo ni kinyume cha Injili, naye akaandika kijitabu mwaka 1920 kuipinga. Wakati huo huo kikaja kipande, kile kibati cha kuvaliwa shingoni chenye karatasi na alama za vidole ndani yake, na kazi yake moja kubwa ilikuwa kuwasaka waliotoroka kazini. Wazee wetu walikivaa hata baada ya Vita Vikuu vya Pili.

Twasema mambo haya kwa unyenyekevu, kwa kuwa wale maaskofu walikuwa baba zetu katika imani. Lakini ni lazima tuseme kweli: ziko nyakati ambapo kondoo hakulitoroka zizi, bali mchungaji ndiye aliyemtoroka kondoo.

Basi sasa tufungue Biblia. Kijana Yohana Marko alisafiri na Paulo na Barnaba. Walipofika Perge katika Pamfilia, aliwaacha akarudi Yerusalemu. Luka hatuambii sababu; labda ni homa, labda ni hofu, labda alimkumbuka mama yake. Lakini Paulo aliandika moyoni mwake: mtoro. Walipotaka kusafiri tena, Paulo hakukubali aandamane nao, na ugomvi wake na Barnaba ukawa mkali hata wakatengana. Tusimlaumu Paulo upesi. Mtu akiacha mzigo wake njiani, mzigo ule hauendi mbinguni; huwekwa juu ya kichwa cha mwenzake. Hata katika Kariakoo, mmoja akikimbia usiku, asubuhi wengine walibeba zaidi. Utoro una madhara, wala Kanisa halipaswi kusema kwamba ni jambo dogo. Dema naye alimwacha Paulo kwa kuupenda ulimwengu huu, na habari zake zinaishia hapo.

Lakini Barnaba alimchukua Marko, akaenda naye Kipro. Hakumtuma mbele yake, wala hakumwandikia barua ya onyo, alikwenda naye. Na miaka ikapita. Paulo yumo kifungoni, karibu na mwisho wake, anamwandikia Timotheo, na katika maneno yake ya mwisho anaagiza aletewe Marko, kwa sababu sasa anamfaa katika utumishi. Yule aliyeandikwa mtoro ndiye anayeitwa. Nasi Kanisa zima twaisoma Injili inayoitwa kwa jina lake. Kama Barnaba asingekwenda naye Kipro, je, tungekuwa nayo?

Wapendwa, na sisi tuna daftari. Katika kanisa moja tulilolitumikia, tulikuwa na kitabu cha washiriki, na mbele ya majina fulani tuliandika "ameacha". Kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa mwimbaji hodari, akakosekana miezi mingi. Wazee wa kanisa walikaa, wakasema ameurudia ulimwengu. Tuliandika neno lile, tukafunga kitabu. Ilipita karibu nusu mwaka ndipo mmoja wetu alipopita mtaa ule kwa shughuli nyingine, akamkuta. Alikuwa amepoteza kazi kiwandani. Mtoto wake alikuwa mgonjwa, hawezi kutembea, na mvua zilikuwa zimeufanya udongo ule mweusi wa Kitengela kuwa tope lisilopitika na mtoto mgongoni. Tena aliona haya, maana kila Jumapili yalitajwa majina ya waliotoa mchango na ya wasiotoa. Hakumwacha Bwana. Aliomba kila usiku katika chumba kile kimoja. Sisi ndio tuliokuwa hatujamtembelea. Mzee yule aliporudi akatueleza, tulinyamaza kwa muda mrefu, kisha tukakifungua kitabu, tukalifuta neno lile. Lakini alama yake ilibaki kwenye karatasi.

Kitengela ni mji wa watu wanaokuja na kuondoka. Mtu hupanga nyumba hapa mwaka mmoja, kazi ikiisha huhama. Ni rahisi sana kuandika "haonekani". Kadhalika Kajiado, ukame ukija, jamaa nzima huhama na ng'ombe kutafuta majani, na kanisa huwa tupu. Je, tutawaita watoro? Au tutatuma mtu awafuate huko waliko?

Na vijana wetu? Twasema hawana nidhamu. Labda ni kweli. Lakini tujiulize kwanza: tuliwapa mzigo gani, na chakula gani? Iwapo kijana anasikia kanisani makaripio na michango tu, basi tumempa unga mbichi bila sufuria. Asikae nasi, kisha tushangae?

Hatusemi kwamba nidhamu iondolewe. Kanisa lisilo na nidhamu ni jeshi lililokwisha kutawanyika. Lakini twataka kuona nidhamu ya Bwana mwenyewe ilivyo. Usiku ule alipokamatwa, wanafunzi wote walimwacha wakakimbia. Petro alimkana mara tatu. Kama ni watoro, hao ndio watoro wakubwa kuliko wote! Na baada ya kufufuka, Bwana aliwafuata hata bahari ya Tiberia, walikokuwa wamerudia nyavu zao. Aliwangojea ufukoni na nini? Na kiboko? Hasha. Aliwangojea na moto wa makaa, na samaki juu yake, na mkate. Mfalme wa mbingu na nchi aliwapikia watoro chakula cha asubuhi.

Walipokwisha kula, ndipo alipomwuliza Petro, na akamwuliza mara tatu, hata Petro akahuzunika. Hiyo ndiyo nidhamu. Swali lilikuwa chungu, lakini lilikuja baada ya chakula, nalo liliulizwa na yeye aliyekuwa amekwisha kuubeba msalaba. Kisha akampa kazi: kuwachunga kondoo wake. Chakula, swali, na kazi. Kanisa linalouliza bila kulisha ni kama kambi ya Kariakoo. Kanisa linalolisha bila kuuliza halimjengi mtu. Na kanisa linalolisha na kuuliza, kisha likakataa kumpa mtu kazi tena, bado halijamsamehe.

Basi, ndugu mpendwa, twakuachia mambo mawili ya kufanya juma hili. La kwanza, kama unaye babu au bibi anayekumbuka habari za mtu wa jamaa yenu aliyechukuliwa Kariakoo asirudi, ulizia jina lake, uliandike, ulitaje katika maombi ya jamaa. Huenda mahali fulani aliandikwa mtoro. Mbele za Mungu jina lake ni jina lake.

La pili, mfikirie mtu mmoja asiyeonekana tena kanisani kwenu. Kabla ya kutamka lolote juu yake, nenda nyumbani kwake. Usiende na karipio. Nenda na unga, au majani ya chai, au mkono mtupu ulio tayari kumsalimu. Kaa naye. Uliza habari za mzigo wake. Huenda utamkuta Dema, nawe utamwombea kwa machozi. Lakini huenda utamkuta Marko.

Na kama wewe unayetusikia ndiwe uliyeondoka, ukaona haya kurudi, basi sikia: moto umekwisha kuwashwa ufukoni, na Bwana hajauzima.

Tuombe.

Ee Bwana Mungu wetu, wewe wawajua kwa majina wale wote walioanguka chini ya mizigo katika nchi hizi, ambao hakuna mtu aliyewazika wala kuwalilia. Utusamehe sisi watumishi wako kwa mara zote tulizoandika upesi na kutembelea pole pole. Utupe viongozi wanaotembea na watu wao. Utupe nidhamu iliyo na chakula ndani yake. Uwarudishe waliopotea, nasi utupe miguu ya kuwafuata. Twaomba haya katika jina la Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.